Upare Kutoka Dirisha la Behewa: Mandhari Zilizochapwa na Waliozikusanya

Neno mandhari limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na shina lake ni lile la kutazama linalopatikana pia katika neno nadhari. Kwa hiyo mandhari, kwa asili yake, si ardhi yenyewe bali ni ardhi inavyoonekana machoni pa mtu aliyesimama kando yake. Neno chapa lilipita njia nyingine: lilifika pwani kutoka lugha za Wahindi, likatumika kwa alama ya robota la nguo, kwa muhuri, kwa alama ya moto ubavuni mwa ng'ombe, na hatimaye kwa kazi nzima ya kuchapisha vitabu. Maneno hayo mawili yakiwekwa pamoja yanataja picha ya nchi au ya mji iliyochongwa au kuchorwa juu ya ubao, jiwe, chuma au kioo, ikapakwa wino na kugandamizwa karatasini mara nyingi, ili nakala zake ziuzwe, zitumwe kwa posta, zitundikwe ukutani au zitiwe ndani ya albamu. Historia ya picha za namna hiyo kwa habari ya Milima ya Upare na mji wa Same ina mapengo mengi, na sehemu yake kubwa ilitendeka mbali na Upare. Hata hivyo inaonyesha waziwazi kwamba mahali aliposimama mtazamaji wa kwanza ndipo palipoamua nchi hiyo itakumbukwa kwa sura gani na wale ambao hawakuwahi kuikanyaga.

Kwa upande mmoja historia hii inaanzia Marekani, ingawa kwa kuzunguka. Mwaka 1826 Joseph Meyer alianzisha Ujerumani kampuni ya uchapishaji iliyoitwa Bibliographisches Institut, na kuanzia miaka ya 1830 kampuni hiyo ikatoa mfululizo ulioitwa Meyer's Universum, ambao wasomaji waliulipia kidogo kidogo, wakapokea kila mara picha kadhaa za miji, makanisa, milima na maporomoko ya maji ya pande zote za dunia. Picha hizo zilichongwa kwenye bamba la feleji, yaani chuma cha pua: fundi huchimba mistari myembamba kwa kalamu kali, wino hujazwa ndani ya mistari hiyo, uso wa bamba hupanguswa ukabaki safi, kisha karatasi yenye unyevu hugandamizwa juu yake kwa nguvu hadi ifyonze wino uliobaki mashimoni. Bamba la shaba huchakaa mapema na mistari yake kufifia, lakini feleji huvumilia maelfu ya nakala, na uvumilivu huo ndio ulioifanya picha ya mlima wa mbali iwe kitu ambacho mwalimu wa shule au mwenye duka aliweza kukimiliki. Mwana wa Joseph, Herrmann Julius Meyer, alivuka bahari akafungua tawi New York, na katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1850 tawi hilo likatoa The United States Illustrated, kazi iliyohaririwa na Charles A. Dana na kujaa mandhari za mito, magenge na miji ya Marekani. Baadaye Herrmann alirudi Ujerumani, akarithi kampuni, na mwaka 1858 akapata mtoto aliyeitwa Hans. Huyo ndiye Hans Meyer ambaye tarehe 6 Oktoba 1889, akiwa na Ludwig Purtscheller, alifika kilele cha Kibo, mlimani Kilimanjaro. Vitabu vya historia humtaja kama mpanda milima na mwanajiografia, na ni kweli. Ila ni vyema kukumbuka kwamba alikulia katika nyumba ambayo kwa vizazi viwili iliishi kwa kuuza milima ya watu wengine iliyokuwa juu ya karatasi.

Kabla ya kueleza karatasi hizo zilivyoufikia Upare, hapana budi kueleza umbo la nchi yenyewe, kwa sababu umbo hilo ndilo lililowaelekeza wachoraji na wapiga picha bila wao kujua. Milima ya Upare ni safu mbili: ya kaskazini, yenye Ugweno na Usangi, na ya kusini, ambayo ni ndefu na pana zaidi, yenye Mbaga, Gonja, Suji, Vudee na msitu wa Chome, ambamo kilele cha Shengena kinafikia mita 2,462. Pepo zenye mvua hutoka Bahari ya Hindi, hivyo miteremko ya mashariki na nyanda za juu hupata maji, ilhali tambarare ya magharibi, ulipo mji wa Same, imo katika kivuli cha mvua, yaani eneo ambalo mawingu hulifikia yakiwa yameshamwaga maji yake upande wa pili. Kwa hiyo mtu aliyesimama Same huona ukuta wa mawe na vichaka, mibuyu, minyaa, migunga na vumbi jekundu, na akiinua macho huona ukungu umekaa juu kabisa kama kilemba. Nchi ya Waasu, ambao ndio Wapare kwa jina walilopewa na wengine na ambalo sasa wanalitumia wenyewe, iko hasa nyuma ya ukungu huo: migomba, kahawa, misitu ya matambiko, na ndiva, yaani mabwawa madogo yanayojengwa kwa mawe na udongo chini ya kijito ili yakusanye maji usiku kucha, yafunguliwe asubuhi na kugawanywa kwa zamu katika mifereji ya mashamba. Ndiva haionekani kutoka tambarare. Wala hayakuonekana matanuri ya chuma ya ukoo wa Washana wa Ugweno, ambao majembe yao yalifika hadi kwa Wachaga.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro na Umasaini ilipita tambarare, chini ya milima, ikiwa na mzigo wa shanga, waya na nguo. Miongoni mwa nguo hizo ilikuwamo ile ngumu isiyopaushwa iliyofumwa katika viwanda vya kaskazini mashariki mwa Marekani, ambayo ilijulikana sana hata jina la nchi likawa jina la nguo, marekani. Kwa njia hiyo, muda mrefu kabla mtu yeyote hajabeba picha ya Upare kwenda Marekani, bidhaa ya Marekani ilikuwa imeshapita miguuni pa Upare mara nyingi juu ya vichwa vya wapagazi.

Wazungu wa kwanza kuandika habari za eneo hili waliifuata njia ya misafara, na macho yao yalikuwa mbele. Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848, na tangu siku hiyo kila msafiri aliyekuja nyuma yake alitaka kuiona pia. Baroni Carl Claus von der Decken alifika mwaka 1861 pamoja na Richard Thornton, kijana Mwingereza mjuzi wa miamba ambaye awali alikuwa katika msafara wa Livingstone huko Zambezi, na mwaka 1862 akarudi pamoja na Otto Kersten. Walipita kando ya Ziwa Jipe, chini ya milima ya Ugweno, wakipima pembe za vilele kwa vyombo vyao. Decken aliuawa mwaka 1865 kwenye Mto Juba, na kazi ya kuzigeuza daftari zake kuwa vitabu vinene vyenye picha na ramani ikaendelea Ujerumani kuanzia 1869 hadi 1879. Vitabu vya aina hiyo vilitegemea mchongaji wa ubao na mchapaji wa jiwe. Wa kwanza hukata ubao mgumu na kuacha mistari ya picha ikiwa imeinuka, ili wino ukae juu ya mistari badala ya kukaa ndani yake. Wa pili huchora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa, kisha hutegemea ukweli kwamba mafuta na maji havichangamani, hivyo wino hushika palipochorwa na kukataa palipoloa. Uchapaji huo wa jiwe huitwa lithografia. Wala mchongaji wala mchapaji hakulazimika kuujua mbuyu. Alichokuwa nacho ni mchoro wa penseli wa msafiri, maelezo machache, na mazoea ya mkono wake mwenyewe, ndiyo maana milima ya Afrika Mashariki katika vitabu vya wakati huo mara nyingi ina mabega ya Alpi na miti yake imekaa kwa adabu pembeni mwa picha, kama mapazia yaliyofunguliwa ili mlima utazamwe.

Aliyeuandika Upare kwa jina lake, badala ya kuupita, alikuwa Oscar Baumann wa Austria. Mwaka 1888 alifuatana na Hans Meyer katika safari iliyokwama Usambara na kuishia mikononi mwa watu wa Abushiri, kiongozi wa vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, ambao waliwakamata wote wawili na kuwaachia kwa fidia. Mwaka 1890 Baumann akarudi kupima Usambara na nchi jirani, na mwaka 1891 kitabu chake, Usambara und seine Nachbargebiete, kikatoka Berlin. Jina la kitabu lenyewe linasema mengi: Usambara na nchi zinazopakana nayo. Upare ulihesabiwa miongoni mwa majirani. Meyer kwa upande wake alitoa mwaka 1890 kitabu chake cha Kilimanjaro, kikiwa na picha zilizochapwa kwa ustadi wa hali ya juu, baadhi zikiwa kazi ya E. T. Compton, mchoraji mashuhuri wa milima ya Alpi, na ndani yake theluji ya Kibo ndiyo bwana harusi. Milima mingine yote ni wapambe.

Mji wa Leipzig unastahili kutajwa hapa kwa sababu mbili. Bibliographisches Institut ilihamia huko mwaka 1874, katika mji ambao ulikuwa miongoni mwa miji mikuu ya vitabu Ulaya, na katika mji huo huo yalikuwapo makao ya Misheni ya Kilutheri ya Leipzig, iliyoanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893 na kufungua kituo cha Shigatini, Usangi, mwaka 1900, kisha vituo vya Upare Kusini. Wamisionari walitofautiana na wasafiri kwa jambo moja kubwa: walipanda juu na kukaa. Jakob Dannholz wa Mbaga alijifunza Chasu, lugha ya Waasu, na kuandika kitabu juu ya imani zao. Na wenzake walipiga picha za makanisa yanayojengwa, za wanafunzi wamepangwa mistari, za njia za milimani na za vijiji vilivyojificha katikati ya migomba. Picha hizo zilisafirishwa kwenda Leipzig zikiwa vioo, zikachapwa kwenye magazeti ya misheni, kwenye kadi na kwenye vitabu vidogo vya kuombea michango. Anayezitazama leo hawezi kusahau kusudi lao, kwamba zilimwonyesha mfadhili fedha yake imefanya nini, na kwa sababu hiyo kanisa jipya huwa katikati na msitu wa matambiko huwa pembeni, ukiwa na maneno ya huruma chini yake. Pamoja na hayo, kwa mtu anayetaka kuuona Upare wenyewe na si ukuta wake wa magharibi, picha za misheni ndizo hazina kubwa kuliko zote za wakati wa Wajerumani. Waadventista nao walifika Upare Kusini mwaka 1903 na kuanza Giti, lakini ni mkusanyo wa Leipzig uliobaki mkubwa na wenye mpangilio.

Reli ilikuja ikabadilisha kila kitu, na ikaurudisha mtazamo tambarare. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, ukasuasua kwa sababu ya fedha, ukafika Korogwe mwaka 1902, Buiko mwaka 1909, na Moshi mwaka 1911, umbali wa kilomita 352 kutoka baharini. Mhandisi hapandi mlima pasipo sababu. Kwa hiyo baada ya Mombo njia ilishika bonde la Mto Pangani, ikakumbatia mguu wa magharibi wa Upare, na ikaacha stesheni katika sehemu kavu kuliko zote, Same ikiwa mojawapo. Tangu hapo msafiri aliyekwenda Moshi aliuona Upare ukipita dirishani kwa saa nyingi, upande mmoja tu, bila ya kushuka, na safari ilipokaribia mwisho akahamia mbele kuiangalia Kibo. Wafanyabiashara wa picha nao walifuata reli. Zama hizo ndizo zilizokuwa za postikadi, kipande cha karatasi ngumu cha sentimita 9 kwa 14 hivi, ambacho kabla ya 1914 kilikusanywa kwa mamilioni Ulaya na Marekani, na ambacho kwa watu wengi ndiyo picha ya kuchapwa ya kwanza na ya pekee waliyoimiliki.

Mkusanyaji mwenye uzoefu huisoma postikadi kwanza kwa nyuma. Hadi mwaka 1905 sheria ya posta ya Ujerumani iliutaka upande wa nyuma ubebe anwani peke yake, hivyo mwandishi alilazimika kubana salamu zake upande wa picha, na nafasi iliyobaki wazi mara nyingi ilikuwa ni mbingu. Ndiyo maana kadi za Tanga na Usambara za miaka hiyo zina milima ambayo juu yake, mahali pa mawingu, pamejaa mwandiko wa wino kuhusu homa, joto na meli inayotarajiwa. Mwaka 1905 nyuma ikagawanywa kwa mstari, anwani kulia na habari kushoto, na mbingu ikarudishiwa weupe wake. Kutokana na hilo hutokea hitimisho dogo lenye faida: kwa kuwa reli ilivuka Buiko baada ya 1909, kadi yoyote inayodai kuonyesha treni au stesheni ya Same haiwezi kuwa na nyuma isiyogawanywa, na ikiwa nayo, jina lililoandikwa chini yake limekosewa au kadi imeghushiwa. Baada ya nyuma huja kioo cha kukuzia. Kadi bora za Ujerumani zilichapwa kwa kolotaipi, njia inayotumia bamba la kioo lililopakwa jelatini inayoitikia mwanga. Chini ya kioo cha kukuzia, kivuli cha mlima katika kadi hizo huonekana kama tope la bwawa lililokauka, lenye vijinyufa visivyo na mpangilio, na ndiyo sababu ukungu wa Upare hutoka laini sana karatasini. Kadi za bei ya chini na picha za magazeti zilitumia vitone vilivyopangwa kwa safu, vikubwa penye giza na vidogo penye mwanga, na vitone hivyo huugeuza ukungu kuwa chekeche.

Mlinganisho na Marekani unasaidia hapa. Mwaka 1912, muda mfupi baada ya treni ya kwanza kufika Moshi, mchoraji Joseph Pennell alikwenda Panama na kuonyesha katika michoro yake mfereji mkubwa uliokuwa unachimbwa, na kabla ya hapo alikuwa ameshachonga majengo marefu ya New York kwa njia ya tindikali, yaani kuchora juu ya bamba la shaba lililofunikwa nta na kuiachia tindikali ile mistari iliyo wazi. Baadaye wakaja Edward Hopper na Martin Lewis, ambao barabara za New York za usiku, taa na vivuli vyake, zilitosha kuwa mada nzima. Mwaka 1934 ilianzishwa New York kampuni iliyoitwa Associated American Artists, ikaajiri wasanii wanaojulikana kutengeneza picha katika toleo la nakala 250 hivi, kila moja ikitiwa saini kwa penseli, na kuziuza kwa dola 5. Na kuanzia 1935 hadi 1943 mradi wa serikali wa kuwapa wasanii kazi wakati wa mdororo wa uchumi ulisambaza picha kama hizo katika shule na hospitali. Karani wa mji ule aliweza kununua barabara aliyoipita kila jioni, iliyochorwa na mtu aliyeipita pia. Katika habari ya Upare uhusiano huo haukuwapo: mpiga picha alitoka mbali, mchapaji alikuwa Ujerumani, mnunuzi alikuwa abiria, na aliyeipokea kadi hakujua Same iko upande gani wa Tanga. Umbali huo una uzito kuliko tofauti ya ustadi, ambao wachapaji wa Leipzig na Berlin hawakupungukiwa nao.

Miji ya pwani ilikuwa na bahati tofauti kwa sababu meli hukaa bandarini siku kadhaa na abiria huwa na muda wa kununua. Unguja ilikuwa na studio ya A. C. Gomes na ile ya ndugu wa Coutinho, ambazo ziliuza picha na kadi za Forodhani, za Beit al-Ajaib na za vichochoro vya Mji Mkongwe; Dar es Salaam wakati wa Wajerumani ilikuwa na C. Vincenti na Walther Dobbertin. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja, na picha za mji za studio hiyo zimeendelea kuuzwa kwa wageni vizazi viwili baadaye. Same haikuwa mji wa namna hiyo. Ilikuwa stesheni, boma, maduka ya Wahindi na mnada wa ng'ombe. Nani angeshuka kununua picha yake?

Vita vya kwanza vya dunia vilipita Upare kwa haraka: mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Smuts yalishuka kufuata reli, Wajerumani wakirudi nyuma na kubomoa madaraja, na miongoni mwa maofisa wa kamanda wao Lettow-Vorbeck alikuwamo mchoraji Walter von Ruckteschell, ambaye michoro yake ilipamba vitabu vya kamanda wake vilivyotoka mwaka 1920. Chini ya Waingereza postikadi ilififia na stempu ikashika nafasi yake. Stempu ni picha ya kuchapwa iliyo ndogo kuliko zote, na mkusanyaji wake ndiye maskini kuliko wote, kwa sababu hukusanya kilichokwisha kazi. Mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizotumia stempu za pamoja, zilipata toleo lililochapwa London na kampuni ya De La Rue, lenye Kilimanjaro, Mlima Kenya, Ziwa Naivasha, daraja la reli la Jinja na jahazi la Ziwa Viktoria. Upare haukuwamo, wala hakuna aliyetarajia uwemo. Gazeti la serikali la Mambo Leo, lililoanza Januari 1923, lilifika mikononi mwa walimu na makarani wa Upare likiwa na habari za pande zote, lakini kwa wengi wao lilikuwa dirisha la kutazamia nje.

Wakati huo huo tambarare ya Same ilishuhudia jambo ambalo mchapaji wa mandhari hangelijua la kulifanyia. Mwaka 1945 Wapare waliopinga kodi ya viwango iliyoitwa mbiru, ambayo ilimpima kila mtu kwa mali yake badala ya kuwatoza wote sawa, walishuka kwa maelfu kutoka vijiji vya juu na kukaa Same mbele ya ofisi za wilaya, wakisisitiza wasikilizwe. Kwa maneno mengine, Upare ule uliojificha nyuma ya ukungu ulikuja wenyewe mahali pale pale ambapo abiria wa treni walikuwa wakiutafuta bila kuuona. Lakini mandhari, kwa desturi yake, hupenda nchi yenye watu wachache, wawili watatu hivi, waliowekwa ili kuonyesha ukubwa wa mti.

Desturi hiyo ilivunjwa na wachoraji wa Kilimanjaro. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923 na kusoma Makerere, alichora mashamba, sherehe na kazi za msaragambo, yaani kazi za pamoja, kama mtu aliye ndani yake, ambapo upeo wa macho hufichwa na migomba na kila kona ina mtu mwenye shughuli. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku iko katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York. Elimo Njau wa Marangu naye alihangaikia jambo hilo hilo, akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Hao walikuwa wachoraji wa rangi, na nakala zao hazikuchapwa kwa toleo. Uchapaji wa kisanii kwa tindikali ulipata makao Dar es Salaam mwaka 1972, ilipoanzishwa Nyumba ya Sanaa kwa juhudi za Mmarekani Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, na vijana kama Robino Ntila wakajifunza kuchonga bamba na kusukuma rola. Lakini wengi wao walitoka kusini, na kilichojaa katika mabamba yao ni mashetani, hadithi na maisha ya watu. Mlima mtupu haukuwavutia, na ni vigumu kuwalaumu.

Katika nyumba za Upare zenyewe, kama katika nyumba nyingi za Tanzania, picha iliyochapwa iliingia kwa jina la kalenda. Kalenda ya ukutani hutolewa bure na benki, duka, chama cha ushirika au kanisa, nayo mara nyingi huwa na mlima wenye theluji, maporomoko katikati ya misonobari, au mji wa ghorofa ndefu uliowashwa taa, mahali ambapo mwenye nyumba hajafika na pengine hata jina lake halikuandikwa. Mwaka ukiisha haitupwi. Tarehe ndizo zimekufa, picha ingali hai. Kwa hiyo mpya hutundikwa kwenye msumari ule ule juu ya ile ya zamani, au pembeni yake, hadi sebule iwe na mkusanyo wa miaka kumi ambao haukuandikwa popote na ambao moshi, mende na mkono wa mtoto huupunguza taratibu. Wataalamu wa sanaa kwa kawaida hawauhesabu huo kuwa ukusanyaji. Haifahamiki kwa nini, maana una kila kitu ambacho mkusanyaji wa New York alikuwa nacho: chaguo, mpangilio, fahari mbele ya mgeni, na mapenzi kwa mandhari, isipokuwa tu kwamba mandhari ni ya ng'ambo, kama vile kadi ya Usambara ilivyokuwa ya ng'ambo kwa mpokeaji wake wa Ujerumani.

Picha za Upare wenyewe zimekaa kwingine. Za Hans Meyer zimo katika taasisi ya jiografia ya Leibniz huko Leipzig. Za chama cha ukoloni cha Wajerumani ziko katika maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt. Mwingereza Humphrey Winterton alikusanya kwa miaka mingi albamu na picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, zaidi ya 7,000, na mwaka 2002 mkusanyo huo ukanunuliwa na Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Picha za Misheni ya Leipzig, pamoja na zile za Upare, zimewekwa katika hazina ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, ambako mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzifungua, hata akiwa kwenye kibanda karibu na stesheni ya Same, ambayo treni ya abiria ilianza kuipita tena Desemba 2019 baada ya kusimama kwa takribani robo karne, na abiria wakarudi dirishani na simu zao, upande ule ule wa magharibi. Kuna kikwazo kimoja kidogo. Picha hizo ziliandikwa na watu waliosikia majina kwa masikio ya Kijerumani, kwa hiyo mzaliwa wa Usangi anayetafuta Shigatini hana budi kujaribu pia Schigatini, na wa Vudee aandike Wudee, ndipo mlima wa kwao utokee.